DAWA YA KULALA INAPOKATA PUMZI
Maelezo kwa wafanyakazi wa zamu, wa Jinja na wa Mbale



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya mishahara, likizo na mikataba. Leo nataka tuongee juu ya usingizi. Msicheke. Usingizi nao hufukuzisha watu kazi. Usingizi hukata vidole kwenye mashine na kupindua malori barabarani. Na kuna usingizi mwingine ambao hauletwi na uvivu wala pombe, bali na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe huongezewa nguvu na vidonge ambavyo mtu amevinunua kwa shilingi zake akitafuta nafuu.

Mimi si daktari. Shule yangu iliishia darasa la saba. Haya nimeyajua kwa sababu ya kesi moja iliyonipa aibu, na baada ya hapo nikawasumbua madaktari na wauguzi mpaka wakanieleza kwa maneno ninayoyaelewa. Sasa nawaeleza ninyi.

KESI YA MWENZETU

Miaka michache iliyopita niliitwa katika kiwanda kimoja hapa Jinja. Mwendesha mashine mmoja, mtu wa miaka arobaini na kitu, mchapa kazi anayeheshimiwa, alikutwa amelala saa tisa za usiku, ameketi juu ya kreti, na mashine yake inazunguka. Ilikuwa mara ya tatu. Barua mbili za onyo alikuwa nazo tayari. Msimamizi wa zamu alisema, "Huyu ni mlevi." Na mimi, niseme ukweli, nilidhani vivyo hivyo. Nilimchukua kando nikamwambia, "Ndugu yangu, kiri kosa, omba msamaha, uache waragi. Nitajaribu kuokoa kazi yako."

Aliniangalia kwa uchungu, akasema, "Katibu, waragi niliacha tangu Pasaka. Mimi mchana nalala. Nakunywa na dawa ili nilale vizuri. Lakini naamka nimechoka kuliko nilivyolala."

Kesho yake mkewe alikuja ofisini kwetu. Alikuwa na bahasha ndogo ya karatasi, ndani mna vidonge vya aina mbili, bila jina. Akasema, "Katibu, huyu mtu hukoroma kama kinu cha kusaga mahindi. Halafu hunyamaza ghafla, kimya kabisa. Mimi huhesabu. Hufika ishirini, siku nyingine thelathini, ndipo anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Na tangu aanze vidonge hivi, kile kimya kimekuwa kirefu zaidi. Naogopa siku moja nitahesabu na hatashtuka."

Tulikwenda naye kwa yule muuza dawa, tukamwomba atuonyeshe makopo alikotoa vidonge hivyo. Kopo moja lilikuwa la diazepamu, ile ambayo wengi huiita Valium. La pili lilikuwa la Piriton. Kimoja mtu alipewa "kwa ajili ya kulala na kulegeza mgongo", cha pili "kwa ajili ya mafua ya vumbi". Alikuwa akivimeza vyote kila asubuhi akitoka zamu, kwa miezi mitano.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mwenzetu hakuwa mlevi. Alikuwa mgonjwa, na dawa yake ilikuwa inauchochea ugonjwa.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Madaktari wanauita apnia ya usingizi. Neno hilo linatoka katika Kigiriki na maana yake ni kukosa pumzi. Sisi tuseme tu: kukatika kwa pumzi usingizini.

Ninyi wa Mbale mnaujua mrija wa malwa. Mrija ule ni mgumu. Hata ukivuta kwa nguvu namna gani, haubonyei. Sasa fikiri umepewa mrija wa mpira laini, uliolowa. Ukivuta kwa nguvu, kuta zake zinagusana na pombe haipiti. Koo la binadamu ni kama mrija huo laini. Halina mfupa wa kulizuia lisibonyee. Linabaki wazi kwa sababu ya misuli inayolishikilia. Mchana misuli hiyo iko kazini. Usiku inapumzika pamoja na mwili mzima, na ulimi unaangukia nyuma. Kwa watu wengi nafasi inabaki ya kutosha. Kwa wengine njia inakuwa nyembamba, hewa inapita kwa taabu, na huko ndiko kukoroma. Na kwa wengine njia inazibika kabisa.

Ikizibika, kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haiingii. Hewa safi inapungua katika damu, hewa chafu inaongezeka. Ubongo una askari wake wa usiku. Akiona hivyo anapiga kengele, mtu anashtuka kidogo, misuli inakaza, koo linafunguka, anavuta pumzi kwa mkoromo mkubwa, kisha anazama tena usingizini. Asubuhi hakumbuki chochote.

Madaktari huhesabu kila pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Ikikatika mara 5 au zaidi kwa saa moja, wanasema ugonjwa upo. Ikifika mara 30 kwa saa, wanasema ni mkali. Piga hesabu mwenyewe: mara 30 kwa saa, kwa saa sita za kulala, ni kushtuka mara 180. Mtu aliyeshtuliwa mara 180 atawezaje kusema amelala?

Ugonjwa huu si mpya, ila kujulikana kwake ndiko kupya. Madaktari wa Ufaransa na wa Ujerumani waliueleza mwaka 1965. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Sydney, Australia, Colin Sullivan, alitoa habari ya mashine inayosukuma hewa puani usiku ili koo lisifunge. Mashine hiyo, inayojulikana kwa herufi CPAP, ndiyo tiba kubwa mpaka leo. Mwaka 2019 wataalamu walikadiria kwamba watu karibu milioni elfu moja duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wanao ugonjwa huu. Wengi wao hawajui.

Na madhara yake si kusinzia tu. Mtu anayekatika pumzi kila usiku hupandisha shinikizo la damu, moyo wake huchoka, na hatari ya kiharusi huongezeka.

DALILI ZA KUANGALIA

Jiulize, au muulize anayelala karibu nawe:

1. Je, nakoroma kwa sauti kubwa, kisha nanyamaza, kisha nashtuka?
2. Je, naamka na kichwa kinauma na mdomo umekauka?
3. Je, nasinzia nikikaa tu, kwenye mkutano, kanisani, msikitini, ndani ya matatu, au mbele ya mashine?
4. Je, naamka mara nyingi kwenda kukojoa?
5. Je, nina shinikizo la damu lisiloshuka hata kwa dawa?

Hupata zaidi watu wanene, wenye shingo nene, wanaume, na wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Lakini mtu mwembamba naye huweza kuupata, ikiwa taya lake ni dogo au mafindofindo yake ni makubwa. Kwa hiyo usimwambie mtu, "Wewe ni mwembamba, huwezi kuwa nao."

DAWA HUINGIAJE HAPA?

Dawa huweza kuuzidisha ugonjwa huu kwa njia tatu. Ya kwanza, huilegeza misuli ya koo kupita kiasi. Ya pili, humlaza yule askari wa ubongo, asipige kengele mapema. Ya tatu, humnenepesha mtu, na mafuta yakijaa shingoni na kwenye ulimi, njia ya hewa inapungua. Tuziangalie moja moja.

Dawa za kulala na za kutuliza wasiwasi. Mkubwa wao ni diazepamu, ambayo iliingia sokoni kwa jina la Valium mwaka 1963. Ni dawa nzuri hospitalini, kwa mfano mtu akipatwa na degedege. Lakini inalegeza misuli, na inachelewesha kushtuka. Tena haitoki mwilini upesi. Huweza kupita siku moja, hata mbili, mwili haujaondoa nusu ya kidonge kimoja. Basi anayemeza kila siku anapanga kidonge cha leo juu ya cha jana na cha juzi. Ndiyo maana mwenzetu alikuwa na diazepamu katika damu yake saa tisa za usiku, ingawa aliimeza saa tatu asubuhi.

Dawa za maumivu makali za jamaa ya afyuni. Hizi ni kodeini, tramadoli, pethidini na mofini. Zinapunguza nguvu ya ubongo kuamuru mwili uvute pumzi. Kwa mtu ambaye koo lake linaziba tayari, ni mzigo juu ya mzigo. Kodeini imo pia katika baadhi ya dawa za kikohozi na katika vidonge vingine vya maumivu, imechanganywa na parasitamoli, na mnunuzi hana habari.

Dawa za mafua na za kuwashwa zinazoleta usingizi. Hapa kuna Piriton, na ile iitwayo Phenergan. Ubaya wake si mzito kama wa diazepamu au wa dawa za jamaa ya afyuni. Lakini zinaongeza usingizi juu ya usingizi, na zikichanganywa na hizo nyingine, au na pombe, zinasaidia kumlaza yule askari.

Fenobabitoni, dawa ya zamani ya kifafa, nayo hutuliza ubongo. Nitaieleza tena hapo chini, maana si ya kuchezewa.

Dawa za kunenepesha. Nimeona vijana, wanawake kwa wanaume, wakinunua deksamethasoni, predinisoloni au siproheptadini ili wapate mashavu na hamu ya kula. Hizi si vitamini. Predinisoloni na deksamethasoni hujaza mafuta usoni na shingoni, hupandisha sukari na shinikizo la damu. Siproheptadini ni ndugu wa Piriton na huleta usingizi. Uzito unaojivunia mchana unakukaba usiku.

Pombe. Haiuzwi katika duka la dawa, lakini kazi yake kooni ni ileile. Waragi ya vifuko ilipigwa marufuku Uganda mwaka 2019, lakini chupa zipo, na malwa na kwete vipo. Anayekunywa kabla ya kulala anakoroma zaidi na pumzi yake inakatika kwa muda mrefu zaidi. Na anayechanganya pombe na diazepamu, au diazepamu na tramadoli, anacheza na mauti hata kama hana ugonjwa huu. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo lao kubwa kuliko yote liandikwe juu ya dawa za kundi la diazepamu na za kundi la afyuni zikichanganywa, kwa sababu watu walikuwa wanaacha kupumua.

MZUNGUKO WA MTU WA ZAMU

Sasa angalieni jinsi mfanyakazi anavyonaswa. Anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi. Nyumba yake ni chumba kimoja, paa la mabati, jua linachoma, watoto wanacheza, jirani amefungua redio. Usingizi hauji. Anakwenda dukani, anapewa kidonge. Analala kama gogo, anafikiri amepata dawa. Lakini koo linaziba, ubongo haupati raha. Anaamka kichwa kizito. Anafikiri hakulala vya kutosha, kwa hiyo anaongeza kidonge cha pili. Usiku anasinzia kazini. Anapata barua ya onyo. Wasiwasi wa barua unamnyima usingizi. Anaongeza cha tatu.

Mnaona? Kila anapochoka anaongeza kitu kile kile kinachomchosha. Huyu mtu si mjinga. Hakuna aliyemwambia.

MBALE NAKO

Msidhani haya ni ya Jinja peke yake. Kule Mbale nimekaa na wachukuzi wa maghala ya kahawa. Gunia la kahawa ni kilo 60, na mtu hubeba magunia kutwa nzima mgongoni. Akifika miaka thelathini na mitano, mgongo unalia. Mmoja wao alinionyesha vidonge vyake vya maumivu. Akaniambia, "Bila hivi, Mzee, siinuki kitandani." Alikuwa ameanza na kimoja kwa siku, akafika vinne. Vilikuwa tramadoli. Na jioni alikuwa anakwenda kunywa malwa na wenzake. Wanaolala naye chumba kimoja walizoea kumtania kwa mkoromo wake. Niliwauliza, "Je, hunyamaza?" Wakatazamana. Mmoja akasema, "Ndiyo, hunyamaza, halafu tunamtikisa." Walikuwa wanamwokoa kila usiku bila kujua.

Juu ya kodeini na tramadoli kuna jambo moja zaidi. Kodeini yenyewe si kali. Inapoingia mwilini, ini huibadilisha sehemu yake kuwa mofini. Kuna watu ambao ini lao hufanya kazi hiyo upesi mno, nao hupata mofini nyingi kutoka katika kidonge kidogo. Watu hawa wapo katika mataifa yote, lakini uchunguzi uliofanywa kwa Waethiopia katika miaka ya 1990 ulikuta kama 29 kati ya kila 100 wana urithi huo. Kwa hiyo usiseme, "Jirani yangu alikunywa hakudhurika." Ini la jirani si ini lako.

Na wazazi wasikie hili. Mwaka 2017 mamlaka ile ya Marekani ilikataza kodeini na tramadoli kwa watoto walio chini ya miaka 12. Kwa wale wa miaka 12 hadi 18 walio wanene au wenye ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ikaonya wasipewe. Mtoto anayekoroma kwa sababu ya mafindofindo usimpe dawa ya kikohozi yenye kodeini.

Wale mnaoendesha malori ya kahawa na sukari kwa barabara ya Tirinyi, kutoka Mbale hadi Iganga mpaka Jinja, ninyi nawaomba zaidi. Mwendesha mashine akisinzia anaweza kukata mkono wake. Dereva akisinzia anaua na watu waliokuwa wakienda sokoni.

USIACHE DAWA KWA GHAFLA

Nisikilizeni vizuri hapa, maana sitaki mtu aumie kwa sababu ya gazeti letu.

Ikiwa umekunywa diazepamu kila siku kwa wiki nyingi, usiiache siku moja. Mwili uliozoea huweza kupata kutetemeka, hata degedege. Daktari huipunguza kidogo kidogo. Ikiwa una kifafa na umepewa fenobabitoni, usiiache kabisa, nenda ukaulize. Ikiwa umepewa predinisoloni kwa pumu au ugonjwa mwingine, usiikate ghafla. Ikiwa unatibiwa ugonjwa wa akili, endelea na dawa zako na umweleze daktari habari ya kukoroma.

Na mgonjwa wa saratani anayepewa mofini ya maji asinyimwe kwa sababu ya maneno haya. Nchi yetu imesifiwa kwa kazi hii tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman. Mofini inayopimwa na muuguzi aliyefundishwa ni huruma. Tunayoiogopa ni dawa isiyopimwa, isiyo na jina, inayouzwa katika bahasha.

Tena ziko dawa zisizo na kosa hili. Parasitamoli peke yake haizibi koo. Dawa za malaria na amoksisilini hazina shida hii. Kwa mafua ya vumbi iko loratadini, ambayo kwa kawaida haileti usingizi. Na dawa za shinikizo la damu endelea nazo bila kukosa.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, jua jina la kila kidonge unachomeza. Muuza dawa aandike jina juu ya bahasha, au akuonyeshe kopo. Kuuliza si ujinga. Kwa sheria ya dawa ya mwaka 1993, maduka madogo ya dawa yanaruhusiwa kuuza dawa nyepesi tu. Diazepamu na tramadoli si miongoni mwake. Ukiuziwa huko bila karatasi ya daktari, ujue umeuziwa kitu kisichotakiwa kuwapo.

Pili, nenda hospitali pamoja na mtu anayelala karibu nawe. Wewe umelala, huwezi kujua. Yeye ndiye shahidi. Mpeleke na bahasha za dawa zako zote, pamoja na za kienyeji.

Tatu, kabla ya kupasuliwa, hata ikiwa ni kwa ngiri tu, mwambie mtu wa dawa ya usingizi, "Mimi hukoroma na pumzi yangu hukatika." Atakuangalia kwa namna nyingine, wakati wa upasuaji na usiku unaofuata.

Nne, lala ubavu, usilale chali. Wengine hushona mpira mdogo au fundo la kitambaa mgongoni mwa shati la kulalia, ili wakigeuka chali wasumbuke. Ni njia ya bei rahisi na husaidia wengi.

Tano, usinywe pombe saa chache kabla ya kulala, na ukiwa mnene jitahidi upungue. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba waliopungua sehemu moja ya kumi ya uzito wao, kukatika kwa pumzi kulipungua kwa kama robo.

Sita, mtu wa zamu atengenezewe usingizi bila kidonge. Funga dirisha kwa blanketi zito au kitambaa cheusi. Watoto wapewe saa za kucheza mbali. Jirani aombwe kwa upole. Chai na kahawa ziachwe mwisho wa zamu. Nimeona wake wa wenzetu wakipanga haya vizuri kuliko daktari yeyote.

Ile mashine ya hewa ina bei kubwa, na mfanyakazi wa kawaida haiwezi. Lakini hayo sita niliyoyataja hayahitaji mashine, na kwa mtu anayekunywa dawa zisizofaa, kuziondoa kwa utaratibu ni tiba kubwa.

KAZI YA CHAMA

Wawakilishi wa wafanyakazi, neno hili ni lenu. Mwenzetu akikutwa amelala kazini, msianze na hukumu kama nilivyoanza mimi. Mwulizeni maswali matatu: Unakoroma? Unakunywa dawa gani? Nani analala karibu nawe?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba kabla mwajiri hajamfukuza mtu kwa kosa la utovu wa nidhamu au kwa kazi mbaya, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na mfanyakazi anayo haki ya kuwa na mtu mwingine anayemchagua. Mtu huyo anaweza kuwa wewe, ndugu mwakilishi. Basi ingia chumbani ukiwa na karatasi ya daktari, si maombi ya msamaha peke yake. Na katika kamati za usalama kazini, chini ya sheria ya mwaka 2006 ya usalama na afya, ulizeni juu ya zamu za usiku zinazofuatana, juu ya mahali pa kupumzika, na juu ya kumhamisha mgonjwa mbali na mashine inayokata mpaka apone. Na mfanyakazi naye ana wajibu wake katika sheria hiyo: asijiweke yeye wala wenzake katika hatari. Anayejua anasinzia na anaficha, anawahatarisha wenzake.

Mwisho wa kesi ya Jinja ulikuwa hivi. Daktari alimsikiliza mke, akampima, akaipunguza diazepamu kwa wiki kadhaa mpaka ikaisha. Piriton ikaachwa. Mgongo ukatibiwa kwa mazoezi na dawa nyingine. Tuliingia katika kikao na barua ya daktari mkononi. Barua za onyo hazikufutwa, sitawadanganya. Lakini hakufukuzwa, na alihamishiwa zamu ya mchana kwa miezi mitatu. Bado anakoroma. Mkewe anasema siku hizi akihesabu hafiki kumi.

Kabla ya kutoka katika kikao kile, nilimwomba radhi mbele ya wote kwa kumwita mlevi. Akacheka, akasema, "Katibu, hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini hivyo."

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Usiku wa leo, ndugu, mwulize anayelala karibu nawe anasikia nini ukishalala. Na kesho asubuhi, fungua bahasha ya dawa yako uangalie kama ina jina.

Umoja ni nguvu.